Nyumba moja, programu nne: kuchagua programu ya kodi Marekani

Ninalo faili moja la mteja ninalolitumia kupimia kila programu ya kodi inayonadiwa kwangu. Ni la mama mjane mwenye nyumba ya kupangisha. Nyumba ilianza kupangishwa Julai 1998, na jengo lenyewe, ukiondoa kiwanja, liliandikwa dola 82,500. Sheria ya Marekani inahesabu kwamba nyumba ya makazi inayopangishwa huchakaa kwa miaka 27 na nusu, kwa hiyo kila mwaka mama huyu hukatiwa dola 3,000 kwenye pango analokusanya. Ni hesabu ya darasa la tano. Lakini tangu ianze, faili limeshapita kwenye programu nne, na katika safari mojawapo lilipoteza dola 34,375 njiani bila mtu yeyote kushtuka. Nitafika huko.

Naandika kwa wenzangu wanaofanya kodi za watu Marekani, wenye PTIN zao (namba za utambulisho wa watayarishaji kodi) na ofisi za mtu mmoja hadi watano, ambao kila kiangazi hupokea barua ya kuwaambia walipie mapema wapate punguzo, wakabaki kujiuliza kama huu ndio mwaka wa kuhama. Majina yatakayojirudia ni Drake, Lacerte, ProSeries, UltraTax CS na ATX, na kwa mbali CCH na zile za mtandaoni. Ukiuliza watu watano utapata majibu matano, maana kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mtu husifu programu aliyojifunzia msimu wake wa kwanza kama anavyomsifu mwalimu aliyemfundisha kusoma.

Zilikotoka

Mzee aliyenifunza kazi hakuanza na kompyuta mezani. Alianza na karatasi za kujazia. Ofisi iliandika takwimu za mteja kwenye karatasi maalumu, tarishi akazipeleka kwenye kampuni yenye kompyuta kubwa, na ritani, yaani fomu za kodi zilizojazwa, ikarudi imechapwa baada ya siku kadhaa. Computax na Fast-Tax ndiyo majina aliyoyataja sana. Ukikosea tarakimu moja, karatasi inafunga safari upya. Alisema enzi hizo watu waliandika namba saba kwa kituo, wasije wakaifananisha na moja.

Kisha kompyuta ndogo zikaingia. Drake ilianzishwa 1977 huko Franklin, mji mdogo wa milimani North Carolina, na Phil Drake. Lacerte ilianza 1978 Dallas, na kampuni ya Intuit ikainunua 1998 kwa dola milioni 400 hivi. ProSeries ni ndugu wa TurboTax, ile ya watu wanaojifailia wenyewe. Ilifika kwa Intuit kupitia ChipSoft ya San Diego, walioungana nao 1993. UltraTax ilitoka kwa Creative Solutions wa Dexter, Michigan, na sasa ni ya Thomson Reuters. ATX ilizaliwa Caribou, Maine, karibu kabisa na mpaka wa Kanada, na leo iko chini ya Wolters Kluwer pamoja na TaxWise iliyotoka Rome ya Georgia. Utaona kwamba, ukiondoa Dallas na San Diego, ni za miji midogo ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa sababu ya programu hizo tu. Kwa miaka mingi ukipiga simu ya msaada ulipokelewa na mtu wa mji huo, mwenye lafudhi ya huko, na wazee bado wanalizungumza jambo hilo kwa huzuni kidogo.

Kufaili kwa njia ya elektroniki kulianza 1986 kwa majaribio katika maeneo matatu: Cincinnati, Raleigh-Durham na Phoenix. Watayarishaji watano tu, ritani elfu 25. Nchi nzima ilifunguliwa 1990. Mzee alikuwa akiiga mlio wa modemu kwa mdomo, kisha ananyamaza kidogo kama mtu anayesubiri, halafu anasema, "Imepokelewa." Tangu msimu wa 2012, mtayarishaji anayetarajia kufaili ritani 11 au zaidi za watu binafsi analazimika kutumia njia hiyo, hivyo hata mpenzi wa karatasi hana tena pa kukimbilia.

Mzee huyo alikuwa na tabia moja. Nikimletea ritani niliyoimaliza, hakutazama rifandi, zile pesa za kurudishiwa mteja, kwanza. Alichukua karatasi, akaweka kidole kwenye namba yoyote ile na kuuliza, "Hii imetoka wapi, bwana mdogo?" Nikijibu kwamba imetoka kwenye kompyuta, alinirudishia karatasi bila neno. Nilichukia mchezo ule msimu mzima wa kwanza. Leo ndicho kipimo pekee ninachokiamini nikilinganisha programu: ninaweka kidole kwenye namba, nahesabu hatua ngapi zinanifikisha kwenye chanzo chake.

Skrini au fomu

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, na ndipo nitakapokaa.

Kuna programu za kujaza skrini na kuna za kujaza fomu. Drake, Lacerte na UltraTax ni za skrini: unaandika takwimu mahali pamoja, programu inaenda kuipanga kwenye fomu za IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, nawe unaziona ukitaka. ProSeries na ATX ni za fomu: unafungua fomu yenyewe, au karatasi ya kazi inayofanana nayo, na kuandika humo.

Chukua dereva wa Uber mwenye maili 31,000 za kazi mwaka 2025. Kiwango cha IRS mwaka huo kilikuwa senti 70 kwa maili, kwa hiyo anastahili dola 21,700. Kwenye Drake naandika herufi C, skrini ya biashara inafunguka. Naandika AUTO, skrini ya gari inafunguka, naingiza maili, naifunga. Sikugusa kipanya. Mikono inajua njia, na mtu aliyezoea anaweza kumaliza ritani ya W-2 (fomu ya mshahara) mbili na biashara ndogo huku akiongea na mteja kuhusu watoto wake. Lakini zile 21,700 sijaziona bado. Nabonyeza Ctrl na V, ritani inakokotolewa, ndipo naziona zimekaa kwenye mstari wa gari wa Schedule C, fomu ya biashara ya mtu binafsi.

Kwenye ProSeries nafungua Schedule C. Naiona kama mteja atakavyoiona. Nikifika kwenye mstari wa gari, namba haipokei mkono wangu. Inanipeleka kwenye karatasi ya kazi ya gari. Naandika maili 31,000 na papo hapo 21,700 inajitokeza, na faida ya dereva inashuka mbele ya macho yangu. Kwa mtu aliyejifunza kodi kwa kusoma fomu, hii ni kama kurudi nyumbani. Kwa mtu mwenye ritani 600 za kumaliza kabla ya Aprili 15, siku ya mwisho ya kufaili, kila fomu inayofunguka ni mlango wa ziada.

Lacerte ni ya skrini, ila ina akili yake. Skrini zake zina namba, na watumiaji wake huzungumza kwa namba hizo kama madereva wa mabasi: ya 10 ni mishahara, ya 16 ni biashara, ya 18 ni pango, ya 22 ni uchakavu. Kwenye ushirika wenye washirika wengi na majimbo kadhaa, mpangilio huo hulipa. Ritani zenye K-1 (fomu ya mgao wa mshirika) za majimbo matatu huingia humo bila kuhema. Kwa ritani nyepesi ni kama kutumia tingatinga kulima bustani, na gharama yake ni ya tingatinga pia.

UltraTax inafanana na Lacerte kwa uzito, lakini nguvu yake iko kwa ndugu zake. Ofisi inayofanya vitabu vya hesabu, mishahara na mali za kudumu ndani ya familia ya CS inavuna: uchakavu unatoka kwenye Fixed Assets CS na kuingia kwenye ritani bila mtu kuuandika upya. Ukiinunua peke yake, bila ndugu hao, umenunua mlango bila nyumba.

CCH ProSystem fx na ndugu yake wa mtandaoni, CCH Axcess, ni za ofisi kubwa. Nilizitumia msimu mmoja nikiwa nimeajiriwa na sitajifanya mjuzi. Kilichonichekesha ni kwamba bado zina karatasi za kujazia zenye namba za visanduku, wajukuu wa zile karatasi za tarishi. Mzee angezitambua mara moja.

Sasa rudi kwenye kidole. Kwenye programu za fomu, kujua namba imetoka wapi ni rahisi sana: unabonyeza namba, inakurudisha kwenye chanzo. Kwenye za skrini itabidi uijue skrini, ingawa zote siku hizi zina njia za mkato. Lakini za fomu zina mtego wake. Kwa kuwa unaandika juu ya fomu, mkono unashawishika kulazimisha namba. Programu inakataa, unaipa ruhusa, inabadilisha rangi na kukubali. Ritani inatoka vizuri. Kisha unasahau. Mteja analeta 1099, fomu ya kipato kisicho cha mshahara, aliyoisahau, unaiingiza, na ile namba uliyoilazimisha haitikisiki, imekaa pale kama jiwe mtoni. Makosa mabaya zaidi niliyoyakuta kwenye ritani za watu wengine yametokana na namba za kulazimishwa. Programu za skrini nazo zinaruhusu, ila zinakusumbua zaidi kabla ya kukubali, na mimi naupenda usumbufu huo.

Kwa hiyo, kama unaajiri watu wapya kila Januari na kuwaondoa Mei, ningekushauri skrini. Wanajifunza skrini kumi na wanafanya kazi. Kama uko peke yako, una wateja 80 unaowajua kwa majina ya watoto wao, na unapenda kufikiri ukiwa unatazama fomu, chukua ProSeries au ATX na usimsikilize anayekucheka.

Bei, kwa namna zinavyopangwa

Sitataja bei, maana zinabadilika kila mwaka na punguzo la Juni si la Desemba. Namna zinavyopangwa ndiyo ya kutazama. Drake inajulikana kwa bei moja inayobeba majimbo yote, watu binafsi, kampuni na ushirika, bila kuhesabu ritani. ProSeries na UltraTax huuzwa kwa vipande: kifurushi hiki, jimbo lile, aina ile ya kampuni. Lacerte ina njia mbili, bila kikomo au kulipia kila ritani. ProConnect, ambayo ni ya Intuit pia lakini inaishi mtandaoni, ni ya kulipia kila ritani.

Hesabu yake ni fupi. Tuseme kifurushi kizima ni dola 2,000 na njia ya kulipia kila ritani ni dola 40: ukivuka ritani 50, kifurushi kimeshinda. Weka namba za kweli za mwaka wako uone. Kabla ya kushangilia, uliza maswali matatu: jimbo linahesabiwa peke yake? Ritani ya marekebisho inahesabiwa? Nikifuta ritani niliyoifungua kwa bahati mbaya, nimeshalipa? Swali la tatu nimejifunza kwa pesa zangu. Msaidizi wangu alifungua mteja mmoja mara mbili, mara ya pili jina likiwa na herufi iliyorukwa, na tukalipia watu wawili.

Mezani au mtandaoni

Nilikuwa mtu wa mezani sugu hadi janga la 2020 liliponifungia nyumbani. Wenzangu wa ProConnect walifungua kompyuta jikoni kwao wakaendelea. Mimi nilibeba seva kwenye kiti cha nyuma cha gari, nimeifunga mkanda kama mtoto.

Hata hivyo mtandaoni nako kuna usiku wake. Mei 2019 kampuni moja kubwa ya programu za kodi iliingiliwa na programu hasidi, ikalazimika kuzima huduma zake, na ofisi nyingi zikakaa siku kadhaa bila kufikia mafaili ya wateja. IRS waliwapa nyongeza ya siku waliokwama. Ukiwa mezani, seva ikifa ni yako na nakala ya akiba ni yako. Ukiwa mtandaoni, unangoja pamoja na wenzako nchi nzima.

Kwa usalama wa taarifa za wateja hakuna upande wenye likizo. Sheria ya serikali kuu inamtaka kila mtayarishaji awe na mpango wa usalama ulioandikwa, na IRS wametoa kielelezo chake katika chapisho namba 5708. Programu ya mtandaoni inakupunguzia sehemu ya mzigo, kama vile usimbaji na kuingia kwa hatua mbili. Ya mezani inakuachia wewe. Kama nakala zako za akiba ziko kwenye diski iliyochomekwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, huna nakala za akiba.

Kusoma nyaraka kwa mashine, ambako kila muuzaji anakuonyesha kwanza, nakupita haraka: kwa W-2 kunasaidia, kwa K-1 yenye kurasa tisa za maelezo bado nasoma mwenyewe.

Usiku wa Aprili 14

Hapa majina hayana maana kubwa. Kila mtu ana hadithi yake ya kusubiri simu ya msaada dakika 90 huku muziki ukirudia. Cha kulinganisha ni programu inakuambia nini ritani ikikataliwa.

Baba mmoja anafaili akiwa na mtoto wake wa miaka sita. Jibu linarudi: R0000-507-01. Programu mbaya inakuonyesha msimbo huo na sentensi ya Kiingereza cha wahandisi. Programu nzuri inakuambia kwamba namba ya mtoto imeshatumika kwenye ritani nyingine, inakupeleka kwenye kisanduku cha mtoto, na inakukumbusha njia zilizopo. Zamani ilikuwa kuchapa karatasi na kuituma kwa posta. Kuanzia msimu wa 2025, IRS wanaipokea ritani ya pili kwa elektroniki iwapo mwenye ritani ana IP PIN yake, namba ya siri ambayo IRS humpa kulinda utambulisho wake. Mabadiliko kama hayo ndiyo yanayoonyesha nani anasasisha msaada wake na nani ameacha maelezo ya miaka mitano iliyopita. Na kama msimbo ni IND-031-04, yaani kipato cha mwaka jana hakikulingana, unataka programu ikuonyeshe kile kipato hapo hapo, siyo ukakitafute kwenye faili la mwaka jana saa tano usiku. Ukikataliwa dakika za mwisho una siku tano za kurekebisha na kutuma tena, jambo ambalo wateja hawaliamini hata ukiwaonyesha.

Drake imejijengea jina kwa upande wa msaada wa simu na sina la kupinga. Lacerte na ProSeries zina jamii kubwa ya watumiaji, na mara nyingi jibu unalipata kwa mtumiaji mwenzako kabla ya kampuni.

Pamoja na hilo, tazama jinsi programu inavyokusukuma kwenye fomu 8867, ile ya kuthibitisha kwamba ulimhoji mteja wa EITC (nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini) au wa nafuu ya watoto. Faini yake ni zaidi ya dola 600 kwa kila kosa, na inakulenga wewe, siyo mteja. Programu zote zinakuzuia kufaili bila fomu hiyo. Si zote zinakupa nafasi nzuri ya kuandika mteja alisema nini, na karatasi ya maelezo yako ndiyo mkaguzi atakayoiomba.

Kuhama

Sasa dola 34,375.

Tulipohama programu kwa mara ya pili, baada ya msimu wa 2010 kwisha, muuzaji mpya aliahidi kuhamisha data bure. Akahamisha. Majina yalikuja, anwani, namba za akaunti za benki, hata siku za kuzaliwa. Nyumba ya yule mama ilikuja: tarehe Julai 1998, thamani 82,500, miaka 27 na nusu. Uchakavu wa mwaka ukatoka dola 3,000 kamili. Mimi na msaidizi tulitazama, tukatikisa kichwa, tukaendelea na mwingine.

Miaka miwili baadaye mama alitaka kujua akiuza nyumba atadaiwa kiasi gani. Nikafanya hesabu ya majaribio. Kodi ilitoka ndogo kuliko nilivyotarajia, na mimi sina bahati ya aina hiyo. Nikaweka kidole kwenye namba. Kisanduku cha uchakavu wa miaka iliyopita kilikuwa kitupu kwa miaka yote ya kabla ya kuhama. Mwaka 1998 alistahili miezi mitano na nusu, yaani dola 1,375. Kuanzia 1999 hadi 2009 ni miaka 11 ya dola 3,000. Jumla 34,375, ukipuuza senti za majedwali ya IRS. Zote zilibaki kwenye programu ya zamani. Siku ya kuuza, faida ingeonekana pungufu kwa kiasi hicho, na sehemu hiyo ndiyo hasa IRS huitoza hadi asilimia 25. Kila mwaka ritani ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa limelala likisubiri mauzo.

Niliokolewa na kabati. Mzee alikuwa amechapa ukurasa wa uchakavu kila mwaka, hata ule wa kwanza wa DOS, uliotoka kwenye printa ya sindano yenye karatasi za matundu pembeni.

Tangu siku hiyo, nikilinganisha programu naanza na swali la kutoka kabla ya swali la kuingia. Ninaweza kutoa mafaili yangu yote kwa PDF kwa mkupuo mmoja? Nikiacha kulipa, nitaweza kufungua miaka ya nyuma? Programu nyingi za mezani zinakuachia miaka uliyoilipia ikae kwenye kompyuta yako, mradi kompyuta yenyewe iendelee kuwaka. Za mtandaoni zina masharti yake, yasome. Sheria inakutaka uhifadhi ritani za wateja kwa miaka mitatu, lakini nyumba inakutaka 27 na nusu, na jengo la biashara 39.

Vitu vinavyopotea njiani ni vile vile kila mara: uchakavu uliokwisha kukatwa, hasara za pango zilizozuiwa na kubebwa mbele, thamani ya mtaji wa mshirika kwenye K-1, na vitabu vya jimbo, yaani hesabu ya uchakavu kwa sheria ya jimbo. Hivi vya jimbo vimekuwa vigumu zaidi. Sheria ya Julai 2025 imerudisha kukata gharama yote ya vifaa mwaka wa kwanza kwa mali iliyopatikana baada ya Januari 19, 2025, lakini California haifuati, kwa hiyo mali moja inahitaji vitabu viwili maisha yake yote. Lacerte na UltraTax zinabeba vitabu hivyo pamoja vizuri kuliko nyingine nilizojaribu. Kama wateja wako wengi wana mali katika majimbo yasiyofuata serikali kuu, sababu hiyo peke yake inatosha kulipia bei yake.

Jinsi ninavyojaribu

Nyingi hutoa toleo la majaribio, kwa kawaida la mwaka uliopita. Oktoba, msimu wa walioomba nyongeza ya muda wa kufaili ukishapita na kichwa kimetulia, nachukua ritani tatu: dereva wa maili 31,000, K-1 yenye majimbo mawili, na nyumba ya yule mama. Naziandika mwenyewe kwenye programu mbili, bila kumwita muuzaji anionyeshe. Muuzaji anajua njia za mkato, na mimi nataka kujua programu inanitendeaje nikiwa mjinga. Napima muda, lakini muda wa ritani ya kwanza ni uongo. Wa tatu ndio wa kuangalia. Kisha namwita msaidizi, nampa ritani niliyoiandika, na kumwambia aweke kidole.

Mwaka jana nilishindanisha Drake niliyonayo na ProSeries. Dereva: Drake ilishinda kwa mbali. K-1: karibu sawa. Nyumba: ProSeries ilimwezesha msaidizi kufika kwenye chanzo kwa kubonyeza mara mbili; kwenye Drake alihangaika kidogo mpaka akaijua skrini ya 4562, ile ya uchakavu. Kama ningekuwa na wapangishaji 40 ningehama. Nina saba, na madereva 90, kwa hiyo nilibaki. Rafiki yangu mwenye ofisi ya ushirika wa madaktari alifanya jaribio hilo hilo na akarudi Lacerte huku akinung'unikia bei, kama anavyonung'unika kila mwaka.

Kwa anayefanya ritani chini ya 30 kwa mwaka, pembeni ya kazi nyingine, ProConnect au njia ya kulipia kila ritani inatosha, na hana haja ya seva. Kwa wanaojitolea kwenye VITA, mpango wa IRS wa kuwajazia watu kodi bure, hakuna cha kuchagua: tangu msimu wa 2017 wanapewa TaxSlayer, na wengi wao bado wanaikumbuka TaxWise kama mtu anavyokumbuka mtaa aliohama.

Mwisho wa 2025, jengo la yule mama lilibakiwa na dola 125, za nusu mwezi wa Januari 2026. Zitaandikwa kwenye ritani itakayofailiwa 2027. Nimeshalipia programu ile ile, na ukurasa wa uchakavu nimeuchapa kwenye karatasi, nikauweka kwenye faili la kadibodi la mzee, nyuma ya ule wa 1998 wenye matundu pembeni.